Tumeshalipia Barabara, Msitudai Tena

Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Eldoret imebeba Sh25 ambazo si bei ya mafuta. Ni ushuru wa matengenezo ya barabara. Mwenye matatu ya Kapsabet anaulipa, kijana wa boda boda pale Langas anaulipa, na mkulima wa Moiben anaulipa anapotia dizeli kwenye trekta msimu wa kulima, ilhali trekta lenyewe linashinda shambani. Hakuna awezaye kuukwepa. Juu yake kuna VAT, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliizidisha maradufu kutoka asilimia 8 hadi 16. Basi yeyote anayekuja kutuambia kwamba wakati umewadia wa wananchi kuchangia usafiri wao, ajue anazungumza na watu ambao wamekuwa wakichangia tangu 1993, mwaka ilipotungwa sheria ya ushuru huo.

Nayasema haya kwa sababu tunadaiwa tena, na tunadaiwa kutoka pande mbili. Serikali kuu inapanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kazi iliyozinduliwa Novemba 2025, na ikikamilika itakuwa barabara ya kulipia. Huku nyumbani, Eldoret ilitunukiwa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na jiji lina gharama zake. Litatafuta mapato, na mahali pa kwanza ambapo viongozi wetu huyatafuta ni steji, kwa sababu matatu haiwezi kujificha.

Mimi napinga ada zote mbili, ya barabara na ya steji. Sipingi barabara, wala sipingi kodi. Napinga kulipishwa mara ya pili na ya tatu kwa kitu kilekile, na watu ambao hawajatoa hesabu ya malipo ya kwanza.

Tuanze na barabara. Kutoka Rironi hadi Mau Summit ni kama kilomita 175. Kiwango kilichotajwa na serikali ni Sh8 kwa kilomita kwa gari dogo, na kitapanda kwa asilimia 1 kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe: Sh1,400 kwenda, Sh1,400 kurudi. Watu wa Nairobi wanaweza kuiona hiyo kuwa ni gharama ya kwenda Naivasha kupumzika Jumamosi. Kwa mtu wa Eldoret, Burnt Forest, Kitale au Iten, hiyo ndiyo njia ya kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Kenyatta, ya kumfikisha mwana chuoni, ya kupeleka viazi na maziwa sokoni. Ukishapita Timboroa ukateremka Mau Summit, umeingia. Hata kama matatu ya abiria 14 ingetozwa sawa na gari dogo, na sina sababu ya kuamini itahurumiwa hivyo, kila abiria angeongezewa Sh100 kwa safari ya upande mmoja. Kwa mama anayesafiri na watoto wawili waliolipiwa viti, hiyo ni Sh600 kwenda na kurudi, kabla hajanunua hata chupa ya maji Nakuru.

Wanaoitetea ada hii hutuonyesha barabara ya juu ya Nairobi, ile inayotoka Mlolongo hadi Westlands. Wanasema watu wanalipa na hawalalamiki. Mfano huo unawaumbua wenyewe. Ile barabara ya juu ilijengwa juu ya Barabara ya Mombasa, na ile ya chini ikabaki. Asiyetaka kulipa hupita chini, apambane na foleni, lakini hatoi senti. Rironi hadi Mau Summit ni tofauti kabisa. Pale wanachukua barabara tunayoimiliki, iliyojengwa na kukarabatiwa kwa kodi za babu zetu, baba zetu na zetu sisi, wanaipanua, kisha wanaweka vizuizi vya malipo. Hata ile njia ya chini ya bonde, ya Mai Mahiu kwenda Naivasha, imo ndani ya mradi huohuo. Na kuhusu viwango kupanda, tuangalie yaliyotokea: ada ya gari dogo kwa safari nzima ya barabara ya juu ilikuwa Sh360 mwaka 2022. Januari 2024 ikawa Sh500, kwa maelezo kwamba shilingi imedhoofika mbele ya dola. Haikuwa imepita hata miaka miwili. Mwananchi hakuidhoofisha shilingi, lakini ni yeye aliyetumiwa bili.

Halafu kuna jambo ambalo linaniudhi kuliko yote katika mradi huu. Mmoja wa wawekezaji ni Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, ikishirikiana na kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Mlinzi wa duka la Oloo Street, mfanyakazi wa kiwandani, mhudumu wa hoteli, wote hao wanakatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya NSSF, na makato hayo yamekuwa yakipanda tangu 2023. Sasa pesa zao zimepelekwa kujenga barabara, na ili pesa hizo zirudi na faida, wao wenyewe watalipishwa wakienda mazishini Murang'a au kumwona ndugu Nairobi. Ni mfanyakazi anayetoa mtaji, ni mfanyakazi anayelipa ada, na hasara ikitokea uzee wake ndio dhamana. Hakuna aliyemwita mkutanoni akamuuliza.

Sasa turudi kwenye zile Sh25 za mafuta, kwa sababu hapo ndipo ulipo moyo wa kesi hii.

Mei 2024 Mswada wa Fedha ulikuja na pendekezo kwamba kila mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake, isipungue Sh5,000, isizidi Sh100,000. Wakenya walikasirika, pendekezo likaondolewa. Vijana wakajaa barabarani kupinga mswada uliobaki, hata hapa Eldoret, nyumbani kwa Rais, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Watu walikuwa wamekufa. Mwezi uliofuata, familia zikiwa bado zinaomboleza, ushuru wa barabara katika mafuta ukapandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Kilichokataliwa mlangoni kikapitishwa dirishani, tena dirisha ambalo hata asiye na gari hupitiwa nalo, maana hakuna nauli isiyo na mafuta ndani yake, wala mkate, wala gunia la mbolea.

Tuliambiwa nyongeza hiyo ni ya kutengeneza barabara. Kisha tukaona Sh7 kati ya zile Sh25 zikiwekwa rehani ili serikali ipate mkopo wa Sh175 bilioni wa kulipa madeni ya wanakandarasi. Angalia hesabu hiyo vizuri. Tuliongezewa Sh7, na kilichowekwa rehani ni Sh7. Maana yake ni kwamba shilingi saba katika kila lita utakayonunua mwaka ujao, na mwaka wa baadaye, na miaka kadhaa baada ya hapo, zimeshatumika. Zimelipa barabara ambazo nyingi ziliachwa nusu kwa sababu viongozi walizindua miradi bila pesa, wakakata utepe, wakapigwa picha, wakaondoka. Wanakandarasi wana haki ya kulipwa. Wengine walifilisika wakisubiri. Lakini deni hilo halikufanywa na abiria wa Turbo. Na serikali ambayo imeuza mapato ya barabara ya kesho ili ilipe makosa ya jana haina uso wa kurudi kwa abiria yuleyule na kumwambia pesa za barabara hazitoshi.

Kama hiyo haitoshi, magavana na wabunge wamegombania Sh10.5 bilioni za mfuko huohuo hadi mahakamani. Magavana wanasema barabara za kaunti ni zao, kwa hivyo fungu ni lao. Wabunge wanataka pesa zipitie mashirika ya serikali kuu. Katika ugomvi huo sijasikia upande wowote ukisimama kusema: tazama, hii hapa orodha ya barabara za Uasin Gishu, hiki ndicho kiasi kilichokusanywa kutoka kwa lita zilizouzwa Uasin Gishu, na hiki ndicho kilichorudi. Wanagombania chungu tu. Aliyepika hatajwi.

Sasa tuje kwenye ada ya steji. Nenda steji yoyote mjini saa kumi na moja jioni, wakati ile mvua yetu ya alasiri imeshanyesha. Wakati mmoja nilisimama kando ya foleni ya magari ya kwenda vijijini. Chini ni tope jeusi lililochanganyika na maganda ya mahindi ya kuchoma. Hakuna paa, hakuna benchi, hakuna taa, na choo ni cha kulipia. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni, bahasha kubwa ya picha za eksirei mkononi, ametoka hospitali ya rufaa. Makanga alikuwa akiita "wawili twende, wawili twende", na wale wawili walikuwa wamefika kitambo, lakini gari halikuondoka. Mama akauliza nauli. Akaambiwa imeongezeka Sh50. "Asubuhi nimekuja na mia moja," akasema. Makanga, kijana mpole, akamjibu: "Mama, si mimi. Mafuta, steji, sako, kila mtu anataka chake. Songa hapo nyuma tubanane twende." Mama akafungua leso, akahesabu, akatoa.

Hiyo ndiyo njia ya kila ada inayotozwa matatu. Mwenye gari haitoi mfukoni mwake. Anamwambia dereva hesabu ya jioni imepanda, dereva anamwambia makanga, makanga anamwambia mama mwenye mtoto. Kenya haina nauli iliyopangwa na serikali, kwa hivyo hakuna wa kuzuia. Na ada ikipungua au mafuta yakishuka, nauli haishuki nayo. Ukitaka kumtoza maskini bila yeye kujua nani amemtoza, toza matatu. Mwakilishi wadi anayeinua mkono kupitisha ada mpya ya steji asijidanganye kwamba amewatoza matajiri wenye magari. Amemtoza mama yule, na hakumpa hata risiti.

Na tuhesabu kidogo tu, kwa mfano. Matatu inayotumia lita 20 kwa siku inalipa Sh500 kila siku kwa ushuru wa barabara peke yake. Ikifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni Sh150,000. Gari moja. Hapo hujagusa VAT, hujagusa leseni, hujagusa ada ya kuegesha inayolipwa kaunti. Boda boda inayotumia lita tatu kwa siku inatoa Sh75, yaani zaidi ya Sh20,000 kwa mwaka, na mwenyewe analala nyumba ya mabati Munyaka. Hawa ndio wanaoambiwa hawachangii.

Reli nayo ina hadithi yake, nayo ni chungu. Njia ya reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikajengwa kwa mkopo uliobebwa na koloni zima, kwa manufaa ya mashamba ya walowezi wa Uasin Gishu. Mwafrika alilipa kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Miaka miwili kabla ya reli hiyo kufika, Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga, pamoja na mengine, mzigo huo wa kodi, na watu wakapigwa risasi Nairobi wakidai aachiliwe. Tulidhani Uhuru ungebadilisha mpangilio huo wa wengi kulipa na wachache kupanda. Tangu 2013 karibu kila bidhaa inayoingia nchini imetozwa ushuru wa kujenga reli, ukianzia asilimia 1.5 ya thamani yake. Simu unayoshika, nguo za mtumba, vipuri vya trekta, vyote vimelipa. Reli ya kisasa ikajengwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, ikazinduliwa 2017, ikasogezwa hadi bonde la Naivasha mwaka 2019. Na ramani ya kuiendeleza inaelekea Narok, Bomet, Kisumu na kisha Malaba. Eldoret haimo. Treni ya abiria ya kwenda Kisumu kwa reli ya zamani ilirejeshwa Desemba 2021. Sisi tumebaki na reli ya kupitishia makontena, na ushuru tunaendelea kuulipa kama mtu mwingine yeyote.

Kuna sehemu ya Katiba ambayo kila mkazi wa Eldoret anafaa kuijua. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, sehemu ya pili, linataja kazi za kaunti. Limetaja barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Usafiri wa umma! Halikusema kazi ya kaunti ni kukusanya ada kutoka kwa usafiri wa umma. Limesema usafiri wenyewe ni kazi ya kaunti. Ugatuzi ulianza 2013. Tangu hapo tumekuwa na magavana wawili, Jackson Mandago kwa mihula miwili na sasa Jonathan Bii, na bado hakuna basi la umma ambalo mtu wa Langas anaweza kulipanda kwenda Kapsoya, au mwanafunzi wa Kesses kuja mjini, kwa nauli na saa zinazojulikana. Kazi hiyo yote tumewaachia watu binafsi waliokopa benki na sako kununua gari. Kisha tunawatoza kwa ajili ya kutufanyia kazi yetu.

Mtu mwenye haki ataniuliza: je, unataka basi la serikali wakati ile Nyayo Bus iliyoanza 1986 ilikufa katika miaka ya 1990, imekula pesa za umma? Swali ni halali. Nalijibu hivi: Nyayo Bus iliuawa na usimamizi mbovu, wala haikuuawa na abiria kukataa kulipa. Ukiniletea mpango ulioandikwa wa mabasi ya jiji la Eldoret, wenye njia zake, gharama zake, na ukaguzi wa kila mwaka unaochapishwa, nitakuwa wa kwanza kuketi na kuusoma, na huenda nikaunga mkono ada ya kuulipia. Dar es Salaam wamefanya. Mabasi yao ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, yana njia yake yenyewe na vituo vyenye paa, na hata kama yana matatizo mengi, mtu wa Kimara anajua analipia nini. Sisi tunaitwa kulipia kitu ambacho hakipo hata kwenye karatasi.

Nakubali pia, bila kusitasita, kwamba barabara ya kwenda Nairobi inaua. Salgaa tunaijua kwa ajali zake. Na jioni ya tarehe 30 Juni 2023, ng'ambo kidogo ya Mau Summit, pale Londiani kwenye barabara ya Kericho, lori moja liliwamaliza watu 52 waliokuwa kando ya barabara, wengine wakiuza bidhaa, wengine wakisubiri gari. Kupanuliwa kwa barabara ni jambo la uhai. Ndiyo maana nasema uhai wa abiria usiwe bidhaa ya kulipia. Kama lazima vizuizi vya malipo vije, basi matatu na mabasi ya abiria yasilipe hata shilingi moja. Anayepanda gari na wenzake 13 au 50 amekwishapunguza msongamano na amekwishalipa Sh25 kwa kila lita iliyombeba. Mwenye lori la tani 30 linalovunja lami, na mwenye gari kubwa akiwa peke yake ndani, hao ndio wa kuzungumza nao.

Kwa kaunti nina masharti mawili, na si makubwa. Pesa zote zinazokusanywa steji ziwekwe wazi, steji kwa steji, mwezi kwa mwezi, zibandikwe ukutani mahali abiria anaziona. Na kila shilingi ya steji itumike steji kwanza: paa, taa, mtaro wa maji, choo cha bure. Mpaka hilo lifanyike, bunge la kaunti lisipitishe nyongeza yoyote kwa magari ya abiria na boda boda. Huwezi kumkamua ng'ombe ambaye hujamlisha tangu 2013, na watu wa Uasin Gishu wanajua ng'ombe.

Wala tusidhani hatuna nguvu. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ilipotungwa. Sheria nzima, pamoja na ada zake zote, ikaanguka, kwa kuwa wakazi walikataa kunyamaza. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha, na kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Hayo ni maneno ya Katiba yetu, yanafunga mikono ya gavana na ya Rais vilevile.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na Mswada wa Fedha wa kaunti, ule wenye ada zote, hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti kuidhinishwa. Tangazo la kikao cha wananchi likitoka, ndugu msomaji, nenda. Usimtume mwenyekiti wa sako akusemee. Yeye ana mambo yake ya kulinda. Kama wewe ni mama mboga, nenda. Kama unaendesha boda, egesha kwa saa mbili uende. Andika maoni yako, hata ukurasa mmoja kwa mkono, weka jina na nambari ya kitambulisho, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri, kwa sababu nakala hiyo ndiyo ushahidi mahakamani. Waulize pesa za steji yako za mwaka jana zilikwenda wapi, na mkae hapo mpaka jibu liandikwe.